Umande wa Berson: Historia ya Kukadiria Umri wa Hewa ya Stratosfia na Uachiliwaji wa Halojeni, Ikitazamwa kutoka Afrika Mashariki, 1883–2016

1.0 Utangulizi

Katika mizani ya Vigwaza, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, malori husimama foleni kabla ya kupimwa. Mtu akiitazama foleni hiyo saa sita mchana na kuuliza imetoka Dar es Salaam muda gani uliopita, swali lake halina jibu moja. Lori moja limetoka bandarini alfajiri. Jingine lilitoka jana likalala Kibaha. La tatu halina saa tatu barabarani. Kinachoweza kuelezwa ni wastani wa muda, na pamoja na wastani huo, namna muda wa lori mojamoja unavyotawanyika pande zote mbili za wastani. Mwandishi wa insha hii amekulia Vigwaza, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiitumia foleni hiyo kujieleza mwenyewe, kabla ya kuwaeleza wengine, dhana ambayo wataalamu wa angahewa huiita umri wa hewa.

Umri wa hewa ni muda uliopita tangu hewa ilipovuka tropopozi, yaani mpaka wa juu wa angahewa ya chini, katika ukanda wa tropiki na kuingia stratosfia. Hewa inayochotwa mahali popote katika stratosfia ni foleni ya aina ile ya Vigwaza: ni mchanganyiko wa vipande vilivyopita njia tofauti kwa muda tofauti. Umri huo haupimwi. Kinachopimwa ni kiasi cha gesi haba, kama vile salfa heksafluoridi, na kutokana na kiasi hicho umri hukadiriwa. Tofauti kati ya kupima na kukadiria ndiyo kiini cha insha hii.

Historia ya ukadiriaji huu kwa kawaida huanzia Uingereza mwaka 1949. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mwanzo huo umewekwa mbele mno. Miongo minne na zaidi kabla yake, maswali ya msingi kuhusu mwendo wa hewa ya juu ya tropiki yalikwisha kuulizwa juu ya Bahari ya Hindi na juu ya Ziwa Viktoria, na jibu mojawapo lililopatikana ziwani lilieleweka visivyo kwa miaka zaidi ya 50. Kulieleza kosa hilo si kudai fahari ya mahali. Ni kwamba kosa la namna ileile linaweza kurudiwa leo katika kukadiria umri wa hewa, na safari hii kinachotegemea makadirio hayo ni tarehe za kupona kwa tabaka la ozoni.

2.0 Matlai ya Krakatoa na umande wa Berson

Mnamo tarehe 26 na 27 Agosti 1883 volkano ya Krakatoa, kati ya Java na Sumatra, ililipuka. Matokeo yake yalifika katika pwani yetu kwa njia mbili zenye mwendo tofauti kabisa. Kwa njia ya bahari, mawe mepesi ya volkano yenye kuelea yalivuka Bahari ya Hindi polepole, na mwaka uliofuata yalikuwa yakisukumwa na mawimbi hadi fukwe za Zanzibar. Kwa njia ya anga, vumbi laini lililorushwa juu lilielekea magharibi na kuizunguka dunia nzima katika muda wa takriban wiki mbili, likiacha machweo mekundu kila lilikopita. Kutokana na taarifa za machweo hayo, wataalamu walihitimisha kwamba juu sana ya ikweta kuna upepo wa kudumu utokao mashariki. Kwa lugha ya mabaharia wetu huo ni upepo wa matlai, na vitabu vya hali ya hewa viliuita matlai ya Krakatoa.

Hitimisho hilo lilitokana na tukio moja. Neno "kudumu" halikuwa na ushahidi wowote nyuma yake. Liliongezwa kwa sababu hapakuwa na tukio la pili la kulilinganisha.

Mwaka 1902 Léon Teisserenc de Bort nchini Ufaransa na Richard Assmann nchini Ujerumani walitangaza, kila mmoja kwa kazi yake, kwamba kupanda kwenda juu hakumaanishi baridi inayoongezeka bila kikomo: baada ya kimo fulani joto huacha kupungua. Tabaka hilo la juu ndilo lililokuja kuitwa stratosfia. Swali lililobaki lilikuwa kama tabaka hilo lipo pia juu ya ikweta. Mwaka 1908 kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, karibu na Berlin, kiliwatuma Arthur Berson na Hermann Elias katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia. Berson hakuwa mgeni wa anga. Mwaka 1901, akiwa na Reinhard Süring, alikuwa amepanda kwa puto hadi karibu mita 10,800, wote wawili wakapoteza fahamu.

Inafaa kutua kidogo katika namna kazi hiyo ilivyofanyika, kwa kuwa namna hiyo ndiyo iliyoamua nini kingejulikana. Maputo ya mpira yaliyojazwa hidrojeni yalibeba vyombo vidogo vya kuandika joto na kanieneo. Redio ya kutuma takwimu chini haikuwepo bado. Ilikuja miaka ya 1930. Puto lilipopasuka, chombo kilianguka, na takwimu zilipatikana tu ikiwa chombo kiliokotwa. Rekodi isiyookotwa haikuwepo. Upepo ulijulikana kwa kulifuata puto kwa darubini ya vipimo vya pembe hadi lilipotoweka machoni. Kwa sababu hiyo siku za anga safi, ambazo puto huonekana mbali, zina uzito mkubwa katika takwimu kuliko siku za mawingu. Usimulizi wa kawaida humtaja Berson, mara chache Elias. Waliobeba mizigo na kuvitafuta vyombo vilivyoanguka hawatajwi, ingawa bila wao hapangekuwa na cha kusimulia.

Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba stratosfia ipo juu ya ikweta, lakini huanzia juu zaidi kuliko Ulaya, na mpaka wake ni wa baridi kali zaidi: chini ya nyuzi 80 za selsiasi chini ya sifuri. La pili halikutarajiwa. Katika kimo cha karibu kilometa 20, mahali ambapo matlai ya Krakatoa yalitazamiwa, maputo yalisukumwa kuelekea mashariki. Upepo ulikuwa wa umande, yaani utokao magharibi.

Wataalamu walikuwa na vipimo viwili vinavyopingana, cha mwaka 1883 na cha mwaka 1908. Suluhisho walilolichagua lilikuwa la kuvipanga katika nafasi badala ya kuvipanga katika wakati: walisema kwamba matlai yako juu zaidi, na kwamba chini yake kuna ukanda mwembamba wa umande uliozungukwa pande zote na pepo za mashariki. Mchoro huo ulidumu katika vitabu hadi miaka ya 1950. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuukataa, kwa kuwa ulikubaliana na kila kipimo kilichokuwepo. Vipimo vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vichache mno kuweza kuukanusha.

Mambo yalibadilika pale maputo yenye redio yalipoanza kurushwa mfululizo katika vituo vya visiwani, hasa kisiwa cha Canton katika Pasifiki kuanzia mwaka 1953. Mwaka 1960 R. A. Ebdon wa Uingereza, na mwaka 1961 Richard Reed wa Marekani, walionyesha kwamba pepo hizo hazikai mahali pamoja. Matlai na umande hupokezana: kila aina huanzia juu, hushuka polepole kwa muda wa mwaka na zaidi, kisha hufuatwa na aina nyingine. Mgeuko mzima huchukua kwa wastani takriban miezi 28. Wavuvi na mabaharia wa pwani hii wameishi karne nyingi kwa kupokezana kwa kaskazi na kusi, na wala hawangeshangazwa na upepo unaogeuka. Ila kaskazi na kusi hufuata jua, na mgeuko huu haufuati. Krakatoa ililipuka wakati wa matlai, Berson alifika wakati wa umande. Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kipimo cha siku kadhaa kinaeleza hali ya siku zote.

3.0 Kutoka mvuke hadi gesi haba

Mwaka 1949 Alan Brewer alichapisha hoja yake kuhusu ukavu wa stratosfia juu ya Uingereza. Hewa ile ilikuwa na mvuke mdogo kiasi kwamba haingeweza kuwa imepita katika mpaka wa juu ya Uingereza, ambao hauna baridi ya kutosha kuikausha namna hiyo. Ilibidi iwe imepita mahali penye baridi ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, na mahali hapo ni tropopozi ya tropiki. Gordon Dobson aliongezea ushahidi wa ozoni mwaka 1956. Ozoni hutengenezwa kwa wingi katika tropiki lakini hurundikana katika latitudo za juu, kwa hiyo kuna kitu kinachoisafirisha. Mwendo huo, wa kupanda katika tropiki na kushuka karibu na ncha, umebaki na majina yao wawili.

Ieleweke kwamba hoja ya Brewer haisimami bila maarifa ya baridi ya tropopozi ya tropiki. Maarifa hayo yalikuwa na chanzo, na miongoni mwa vyanzo vya mwanzo kabisa ni maputo ya mwaka 1908. Kuanza kuisimulia historia hii mwaka 1949 ni sawa na kuanza kusoma barua kutoka aya ya pili.

Brewer alijua hewa inapita wapi. Hakujua inachukua muda gani. Ili kukadiria muda ilihitajika gesi ambayo kiasi chake duniani kinaongezeka mwaka hadi mwaka kwa namna inayojulikana, na ambayo haiharibiwi njiani. James Lovelock alikuwa amebuni chombo chenye uwezo wa kuhisi gesi zenye halojeni hata zikiwa chache sana, na mwaka 1971 alipendekeza kwamba gesi zenye florini zitumike kama alama za mwendo wa hewa. Matokeo ya safari yake ya baharini, yaliyochapishwa mwaka 1973, yalionyesha kwamba klorofluorokaboni zimeenea hadi kusini mwa Atlantiki. Aliziona kuwa alama nzuri, tena zisizo na hatari. Mwaka uliofuata Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza hatari hiyo: gesi hizi hazivunjiki chini, hupanda hadi stratosfia, mwanga mkali wa jua huzivunja, na klorini inayoachiliwa huharibu ozoni.

Tangu hapo gesi za jamii moja zimekuwa na kazi mbili. Zile zisizovunjika hutumika kama saa; zile zinazovunjika ndizo chanzo cha madhara, na saa inahitajika ili kuzihesabu. Nadharia ya saa yenyewe iliwekwa sawa na Hideji Kida mwaka 1983, kisha Timothy Hall na Alan Plumb mwaka 1994, ambao walifafanua umri kama mgawanyo wa muda wa kusafiri, si namba moja.

Salfa heksafluoridi ndiyo saa iliyopendwa zaidi. Ni gesi ya viwandani, hutumika kuzuia cheche katika swichi kubwa za umeme wa msongo mkubwa, na huvuja. Si gesi ya nchi za mbali tu: magharibi mwa Vigwaza, katika barabara ileile, kipo kituo cha kupoza umeme cha Chalinze kinachopokea umeme wa kilovolti 400 kutoka bwawa la Julius Nyerere, na kadiri gridi za dunia zinavyopanuka ndivyo gesi hii inavyozidi kuongezeka angani. Ongezeko hilo ndilo linaloipa thamani ya saa. Kiasi kilichomo katika hewa ya kilometa 25 kikilingana na kilichokuwepo chini miaka minne iliyopita, umri hukadiriwa kuwa takriban miaka minne, ilimradi ongezeko liwe limekwenda kwa mstari ulionyooka.

Sharti hilo la mwisho halitimii kikamilifu, na si tatizo pekee. Kwa muda mrefu salfa heksafluoridi ilidhaniwa kuishi angani miaka 3,200. Mwaka 2017 Eric Ray na wenzake walikadiria takriban miaka 850, kwa kuwa sehemu yake huharibiwa juu sana, katika mesosfia. Hewa iliyoshuka kutoka huko ina gesi pungufu, na saa huisoma kuwa na umri mkubwa kuliko ulio wake. Kaboni dioksidi, saa ya pili, haiharibiwi hivyo, lakini hupanda na kushuka kwa misimu, na nyingine huzaliwa palepale juu kutokana na methani. Hakuna saa isiyo na kasoro. Mtafiti mwangalifu huzitumia zote mbili na kueleza zinapotofautiana.

4.0 Barafu njiani: uachiliwaji wa halojeni

Turudi kwenye foleni ya Vigwaza, na tuchukulie kwamba malori yote yamebeba barafu ya kuhifadhia samaki. Swali sasa ni barafu kiasi gani imeyeyuka. Sehemu iliyoyeyuka ndiyo mfano wa sehemu ya halojeni iliyoachiliwa kutoka katika gesi yake. Paul Newman na wenzake, katika kazi ya mwaka 2007 iliyotumiwa sana baadaye, walichukua kwamba hewa yenye umri wa wastani wa miaka 3 imekwisha kuachilia sehemu 0.47 ya klorini ya CFC-11, na sehemu 0.23 tu ya klorini ya CFC-12, gesi ambayo mafundi wa majokofu wanaijua kwa jina la R12. Bromini huachiliwa pia, nayo ilihesabiwa kuwa na nguvu ya kuharibu ozoni takriban mara 60 ya klorini. Jumla ya hesabu hizo hutoa kipimo kimoja cha mzigo wa halojeni, na mwaka ambao mzigo huo utarudi katika kiwango cha mwaka 1980 hutumika kama alama ya kupona.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ambayo foleni ya barafu huionyesha vizuri. Ilichukua wastani wa muda wa malori yote, kisha ikazidisha kwa wastani wa sehemu iliyoyeyuka. Lakini maji yaliyo chini ya foleni hayakutoka katika malori yote kwa usawa. Mengi yametoka katika malori yaliyokaa njiani muda mrefu. Ikiwa shehena ilikuwa ikiongezwa kila siku, basi malori hayo ya zamani yalianza safari na barafu kidogo zaidi. Andreas Engel na wenzake waliingiza jambo hili katika hesabu mwaka 2018. Kwa kuwa katika miaka ya 1970 uzalishaji ulikuwa ukipanda kwa kasi, halojeni iliyokuwa imeachiliwa kufikia mwaka 1980 ilitokana na hewa iliyoingia mapema, yenye gesi chache. Mzigo halisi wa mwaka 1980 ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa. Alama ya kupona ikashuka, na muda wa kuifikia katika stratosfia ya chini ya latitudo za kati ukarefuka kwa zaidi ya miaka 10.

Hakuna gesi iliyoongezeka, wala mkataba uliovunjwa. Miaka zaidi ya 10 ilitokana na namna ya kukokotoa wastani. Kwa nchi zilizojifunga kwa mkataba, hili si jambo dogo. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 husimamiwa na sekretarieti iliyoko Nairobi. Kenya ilijiunga mapema, Tanzania mwaka 1993. Marekebisho ya mwaka 2016 yalikubaliwa Kigali. Afrika Mashariki imekuwa ukumbi wa maamuzi haya. Imekuwa mahali pa vipimo kwa kiwango kidogo zaidi, na mwandishi anaona kwamba tofauti hiyo haijajadiliwa inavyostahili.

5.0 Mwelekeo unaobishaniwa

Mwaka 2009 Engel na wenzake walikusanya vipimo vya maputo vya miaka 1975 hadi 2005, vyote vikitoka latitudo za kati za kaskazini, juu ya kilometa 24. Modeli za tabianchi zilitabiri kwamba mzunguko wa Brewer na Dobson unaongeza kasi, kwa hiyo umri unapaswa kupungua. Vipimo vilionyesha ongezeko la mwaka 0.24 kwa kila mwongo, na shaka ya mwaka 0.22. Waandishi wenyewe walihitimisha kwa tahadhari kwamba umri haukuwa umebadilika kuzidi shaka ya vipimo. Wasomaji wao hawakuwa wote na tahadhari hiyo: wapo waliosema modeli zimekosea, na wapo waliosema vipimo ni vichache mno kubeba hoja.

Mtu aliyesoma habari za 1908 huitambua hali hii. Vipimo vichache, kila kimoja cha siku moja, vinawekwa mbele ya nadharia inayoeleza miongo. Kosa la zamani halikuwa kuvikataa vipimo vya Berson. Vilikubaliwa, tena kwa heshima. Kosa lilikuwa kuvipa mahali palipo rahisi katika mchoro uliokuwepo. Leo urahisi wa namna hiyo ungekuwa kuvichukua vipimo vya latitudo za kati na kusema vinawakilisha stratosfia nzima, ilhali mlango wa kuingilia hewa uko katika tropiki, na kasi ya hewa mlangoni hapo hubadilika.

Hubadilika kwa sababu gani? Kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya upepo ule ule. Pepo za umande zinaposhuka, upandaji wa hewa juu ya ikweta hupungua. Za matlai zinaposhuka, huongezeka. Umri wa hewa hupanda na kushuka kwa mgeuko huo, na gesi nazo hufuata. Jambo hili lilipata uzito usiotarajiwa mwaka 2018, Stephen Montzka na wenzake walipoonyesha kwamba CFC-11, ambayo uzalishaji wake ulipaswa kuwa umekoma kufikia mwaka 2010, ilikuwa ikipungua polepole kuliko ilivyopaswa tangu mwaka 2012, dalili ya uzalishaji mpya uliofichwa. Ili kujua uzalishaji huo ni kiasi gani, ilibidi kwanza kutenganisha gesi inayotoka viwandani na ile inayoletwa au kuzuiwa na mwendo wa stratosfia. Mwaka 2020 Ray na wenzake walionyesha kwamba mgeuko wa miezi 28 huacha alama katika viwango vya CFC-11 vinavyopimwa hapa chini juu ya ardhi. Upepo uliowashangaza watu wa maputo ya Ziwa Viktoria ukawa kitu cha lazima katika kumkagua mvunja mkataba.

Katika Afrika Mashariki, mfululizo mrefu unaoweza kutazamwa kwa jicho hili ni wa Nairobi, ambako Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi, imekuwa ikirusha maputo ya kupima ozoni tangu miaka ya 1990. Kituo hicho kimo katika mtandao wa vituo vya tropiki ulioanzishwa mwaka 1998 chini ya uongozi wa Anne Thompson. Malindi, kwenye kituo cha Waitaliano cha San Marco, nako palirushwa maputo ya ozoni kwa kipindi. Maputo haya hayapimi salfa heksafluoridi wala kaboni dioksidi, kwa hiyo hayatoi umri moja kwa moja. Hata hivyo hutoa ozoni ya mlangoni penyewe, na ozoni ya kilometa 20 juu ya Nairobi hupanda na kushuka kadiri hewa inavyopanda kwa haraka au polepole. Sura zinazofuata za tasnifu hii zinautumia mfululizo huo kama ushahidi wa pembeni, si kama mbadala wa saa.

Upo ugumu mmoja uliojitokeza wakati wa kuchagua miaka ya uchambuzi. Mwezi Februari 2016, katikati ya pepo za umande, kwenye kimo cha karibu kilometa 22, palizuka matlai yasiyoshuka kutoka juu. Jambo kama hilo halikuwahi kuonekana tangu rekodi ya mfululizo ilipoanza mwaka 1953. Lilitokea tena majira ya mwaka 2019 na 2020. Kwa sababu hiyo wastani wa mgeuko uliotumika katika sura ya nne unaishia Desemba 2015, na miaka inayofuata imechambuliwa peke yake.